Injini Isiyopata Joto: Somo kwa Vyama Vyenye Magari



Katika ukaguzi wa chama cha msingi, daftari la safari za gari ndilo kitabu ambacho aghalabu husomwa mwisho, baada ya kitabu cha fedha, leja ya wanachama na stakabadhi za pamba. Wajumbe wengi wa Bodi hulitia sahihi bila hata kulifungua. Somo hili limetoka ndani ya daftari hilo. Linahusu gari ambalo injini yake inachelewa kupata joto, au haipati kabisa, na jinsi ugonjwa huo, ambao dereva na hata fundi huweza kuuona kuwa ni afya, unavyokula dizeli ya chama na kumtia mtu mashakani pasipo kosa.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Chama kimoja, ambacho hakuna haja ya kukitaja, kina lori dogo la kusombea mbegu, dawa na pamba kati ya vituo na ghala. Nilipolinganisha kilomita na lita niliona kuwa kwa misimu miwili mfululizo gari hilo lilikuwa likitumia dizeli nyingi kuliko zamani, na hali njia ni zile zile na mizigo ni ile ile. Niliandika hoja ya ukaguzi kwamba palikuwa na dalili ya mafuta kutolewa katika tangi. Bodi haikungoja maelezo. Dereva, mzee aliyekitumikia chama kwa muda mrefu, alianza kukatwa mshahara, na shauri la kumwachisha kazi likawekwa katika ajenda za kikao kilichofuata.

Siku chache kabla ya kikao hicho nilipanda gari lilo hilo Mkula, alfajiri, kwenda Bariadi. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati ambapo asubuhi za kwetu huwa na ubaridi na pamba ingali ikisombwa. Kwa mazoea ya kazi niliitazama dashibodi. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini kabisa. Tukatembea. Tulipopita Dutwa, jua limekwisha kupanda, mshale ulikuwa umenyanyuka kidogo tu, na kila tulipoteremka mahali penye mteremko ulirudi chini tena.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, mshale huu hupanda lini?"

"Haupandi, Bwana Mkaguzi," akanijibu kwa fahari. "Tangu ilipotengenezwa, injini hii haijachemka hata siku moja. Hata nikiwa na mzigo."

Bariadi tuliliacha gari likapoa, kisha nikamwomba achomoe kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu, nyepesi kama maji, nayo ilinuka dizeli. Hapo nilifahamu kwamba sehemu ya mafuta niliyoyatafuta katika dumu za wezi ilikuwa imo ndani ya injini yenyewe. Katika oili yalikuwamo machache. Mengi yalikuwa yakitoka katika bomba la moshi bila kufanya kazi.

Ili jambo hili lieleweke, hatuna budi kuona kwanza maji yanafanya kazi gani katika injini. Dizeli inapowaka ndani ya silinda, sehemu tu ya nguvu yake ndiyo husukuma gari. Sehemu kubwa hutoka na moshi, na sehemu nyingine kubwa huingia katika chuma cha injini na kuchukuliwa na maji mpaka kwenye rejeta, ambako upepo huyapoza. Wengi wetu tumeishia hapo katika kuelewa: kwamba kazi ya maji ni kupoza, na kwa hiyo yakiwa baridi zaidi ni bora zaidi. Sivyo. Kazi ya maji ni kuiweka injini katika joto lake, ambalo kwa injini nyingi ni kati ya nyuzi 80 na 95 za Selsiasi. Pistoni, ringi na silinda zimepimwa kiwandani zikaane vizuri katika joto hilo. Oili nayo hutelezesha vizuri ikiwa katika joto hilo.

Kinacholinda joto hilo ni kifaa kidogo kama kizibo cha chupa, ambacho mafundi wanakiita thamostati. Hukaa chini ya kifuniko chenye bolti mbili au tatu, mahali ambapo mpira mkubwa wa rejeta unaungana na injini. Ndani yake mna kikombe cha nta. Injini ikiwa baridi, springi huufunga mlango, na maji huzunguka ndani ya injini tu bila kwenda kwenye rejeta; kwa hiyo hupata moto upesi. Yanapofika joto lililoandikwa juu ya kifaa, tuseme nyuzi 82, nta huyeyuka, hutanuka, husukuma kijiti, na mlango hufunguka kidogo kidogo. Maji yakipoa mno, nta huganda na mlango hurudi. Thamostati za namna hii ya nta zilitokana na kazi ya Sergius Vernet, nchini Marekani, katika miaka ya 1930. Zilizotangulia zilikuwa na kifuko cha bati chenye kimiminika ndani yake. Ni kifaa kisichohitaji umeme wala mkono wa mtu, na ni miongoni mwa vipuri vya bei ndogo katika gari zima.

Sasa, kwa nini kifaa hiki hutolewa? Kila mwenye gari Kanda ya Ziwa amewahi kuambiwa na fundi kwamba thamostati ni ya nchi za theluji, na kwamba Afrika ina joto la kutosha. Hoja hii inasikika kama ya busara, lakini haistahimili hesabu. Mchana wa jua kali katika Simiyu hewa huwa na nyuzi thelathini na kitu. Injini inataka themanini na kitu. Basi hata mchana huo hewa yetu ni baridi kuliko injini kwa nyuzi hamsini hivi, na rejeta iliyo wazi wakati wote itaendelea kuipoza injini chini ya kipimo chake. Alfajiri ya Julai tofauti hiyo ni kubwa zaidi.

Sababu ya kweli ya kuitoa ni nyingine. Gari limechemka, kwa kuwa rejeta imeziba kwa kutu na chumvi za maji ya kisima, au mkanda wa feni umelegea, au mfuniko wa rejeta haushiki tena. Kutafuta chanzo ni kazi ya siku nzima. Kutoa thamostati ni kazi ya nusu saa, na gari huondoka. Simlaumu sana fundi aliyeshikwa na dereva mwenye pamba juu ya gari na mvua ikinyemelea. Lakini hilo ni sawa na kuvunja mlango kwa kuwa ufunguo umepotea. Afadhali mwenye nyumba aambiwe kwamba mlango haupo.

Tena kuna injini ambazo thamostati yake ina sahani ya pili upande wa chini. Mlango wa kwenda kwenye rejeta unapofunguka, sahani hiyo huziba mfereji wa kando unaorudisha maji ndani ya injini. Ukiitoa thamostati nzima, mfereji huo hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto hurudi injini bila kupita kwenye rejeta. Gari la namna hiyo hukaa baridi likiwa tupu, kisha huchemka likibebeshwa mzigo mlimani. Hapo fundi aliyeitoa ili lisichemke atakuwa ameongeza chanzo kingine cha kuchemka.

Madhara ya injini baridi hayaonekani kwa siku moja, na ndiyo maana yanavumiliwa. Dizeli haiungui yote. Moshi mweupe hutoka muda mrefu baada ya kuwasha, wenye harufu inayochoma macho. Dizeli isiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda, huziosha oili yake, na ringi husuguana na chuma kikavu. Inayopita chini huchanganyika na oili na kuifanya nyepesi. Mvuke wa maji unaotokana na kuungua, ambao katika injini yenye joto ungetolewa nje, hutulia ndani na kufanya tope na asidi. Katika magari mapya yenye kompyuta hali ni mbaya kwa namna yake: kompyuta ikiambiwa kuwa injini ni baridi, huendelea kuipa mafuta ya ziada ya kuamkia, safari nzima.

Tuangalie hesabu, kama mfano wa kufundishia tu. Gari linalokwenda kilomita 5 kwa lita hutumia lita 200 kwa kilomita 1,000. Likishuka hadi kilomita 4.5 kwa lita, litatumia lita 222. Lita 22 hizo kwa mwezi mmoja si nyingi kiasi cha kumshtua Katibu, lakini zinatosha kabisa kumshtua mkaguzi na kumfanya amfikirie dereva. Gharama ya kufungua injini na kubadili ringi na silinda miaka kadhaa kabla ya wakati wake ni kubwa kuliko hiyo dizeli, wala haimo katika makisio ya mwaka wowote.

Namna ya kuutambua ugonjwa huu haihitaji karakana. Inahitaji asubuhi moja na uvumilivu.

La kwanza kabisa, gari likiwa limelala usiku kucha, fungua mfuniko wa rejeta utazame maji. Nasisitiza: likiwa baridi. Mfuniko ukifunguliwa injini ikiwa na moto, maji yaliyozuiliwa kwa nguvu hulipuka na kumbabua mtu uso. Kuangalia maji kwanza si desturi tupu. Maji yakipungua sana, kipimo cha joto hubaki kikigusa hewa au mvuke badala ya maji, na mshale huweza kuonyesha baridi wakati injini inaungua. Pengine mshale huonyesha baridi kwa sababu waya umekatika au kipimo kimekufa. Kwa hiyo mshale uliolala ni shahidi mmoja tu. Usimhukumu mtu kwa ushahidi wake peke yake. Nasema hivyo nikijua kwamba mimi nilimhukumu mtu kwa ushahidi wa safu moja ya daftari.

Maji yakiwa kamili, rudisha mfuniko, washa gari, na uguse mpira mkubwa wa juu wa rejeta, mikono na nguo zikiwa mbali na feni na mikanda. Katika injini nyingi mpira huo hubaki baridi kwa dakika kadhaa wakati injini yenyewe inapata moto, kisha kwa ghafula moto huufikia. Ghafula hiyo ndiyo thamostati inayofunguka. Ukiona mpira unapata uvuguvugu tangu mwanzo, polepole, pamoja na injini, basi mlango uko wazi au haupo. Kuna injini, zikiwamo baadhi za Toyota zinazotumika sana huku, ambazo thamostati imewekwa upande wa chini, maji yanaporudi kutoka kwenye rejeta. Kwa hizo mpira wa kuchunguza ni ule wa chini. Mwulize fundi, au tazama kitabu cha gari, kabla hujatoa hukumu.

Halafu litembeze. Injini ya dizeli ikiachwa ikiunguruma imesimama bila mzigo huchelewa sana kupata joto, na hilo si ugonjwa bali ndilo umbile lake. Dereva anayewasha gari na kuliacha nusu saa ili lipate moto anachoma mafuta bure. Aliwashe, angoje kidogo oili ipande, kisha aondoke taratibu bila kukanyaga sana mpaka mshale upande. Barabarani, injini nzima yapasa kukaribia joto lake kwa kadiri ya dakika kumi, nayo ikishafika hukaa hapo, tambarare au mlima. Mshale unaopanda gari likisimama au likipanda mlima, na kuanguka likienda kasi au likiteremka, unaonyesha kwamba upepo ndio unaotawala joto la injini. Hiyo ndiyo alama niliyoiona siku ile njiani.

Iangaliwe pia feni. Magari mengine yana feni yenye klachi, inayozunguka kwa nguvu wakati wa joto tu. Klachi ikishikana, feni huvuma tangu asubuhi na kuipoza injini bila haja, tena ikila nguvu yake. Magari ya zamani yenye feni iliyofungwa moja kwa moja huvuma daima, na hayo yaachwe yalivyo.

Thamostati ikishatolewa, ipimwe jikoni. Soma nyuzi zilizopigwa chapa juu yake. Itundike kwa uzi katika sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto kando yake, na upashe moto polepole. Yapasa ianze kufunguka karibu na nyuzi zilizoandikwa, na kuwa wazi kabisa nyuzi kumi hivi juu yake. Iliyo wazi ndani ya maji baridi imekufa. Isiyofunguka kabisa imekufa pia, na hiyo ndiyo inayochemsha gari.

Hapa wenyeji wa Mkula na kando yote ya ziwa tuangalie jambo moja. Ziwa Victoria liko kadiri ya mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu yake. Katika mwinuko huu maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala si 100 kama wanafunzi wanavyokariri shuleni. Thamostati inayotakiwa kufunguka kabisa kwenye nyuzi 95 au zaidi huenda isifike mwisho katika sufuria yetu hata maji yakitokota. Usiitupe kwa sababu hiyo. Ndani ya gari mfuniko wa rejeta huyabana maji, nayo hustahimili joto kubwa zaidi bila kuchemka.

Kabla ya kufunga mpya, ulizwe kwanza kwa nini ya zamani ilitolewa. Gari lililotolewa thamostati kwa kuwa rejeta imeziba, ukilirudishia thamostati bila kuzibua rejeta, litachemka tena siku hiyo hiyo, na fundi aliyeitoa atasema, "Niliwaambia." Rejeta isafishwe, pampu ya maji na mkanda viangaliwe, mfuniko upimwe. Inunuliwe thamostati ya injini hiyo hiyo na ya nyuzi zile zile, si inayofanana tu kwa macho. Nyuso mbili za chuma zikwanguliwe gasketi ya zamani, iwekwe mpya, upande wa springi uelekee ndani ya injini. Zile zenye kijitundu chenye kipini kidogo cha kutolea hewa zikae kipini kikiwa juu. Bolti zikazwe kwa zamu, kidogo kidogo. Maji yajazwe polepole, gari liwashwe mfuniko ukiwa wazi mpaka mapovu yakome, kisha yaongezwe. Yatiwe maji safi pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Maji ya kisima yenye chumvi ndiyo yaliyoanzisha balaa katika magari mengi. Na ikiwa oili imekwisha kuingia dizeli, imwagwe yote na chujio libadilishwe siku iyo hiyo. Oili ikiendelea kupanda hata baada ya injini kupata joto lake, kasoro iko katika nozeli au pampu ya dizeli, na hiyo ni kazi ya fundi wa pampu.

Nirudi kwenye lori. Fundi alifungua kifuniko mbele yangu na mbele ya mjumbe mmoja wa Kamati ya Usimamizi. Hapakuwa na kitu ndani. Nilirudi ofisini nikafukua vocha za nyuma, nikaipata: malipo ya "kutengeneza injini inayochemka", bila orodha ya kazi, bila kutaja kilichofungwa wala kilichotolewa. Vocha hiyo ilikuwa na sahihi tatu. Ilikuwa pia na alama yangu ya kalamu ya kijani, kwani mwaka ule niliikagua na kuipitisha kwa kuwa jumla ilikuwa sahihi. Tangu hapo matumizi ya dizeli yalianza kupanda.

Nilifuta hoja yangu kwa maandishi, na Bodi ikamrudishia mzee fedha alizokatwa. Rejeta ilizibuliwa, thamostati ikafungwa, oili ikabadilishwa. Matumizi ya dizeli yalishuka, ingawa hayakurudi pale yalipokuwa zamani, kwa maana misimu miwili ya ubaridi ilikuwa imekwisha kula ringi. Mzee hakufurahi siku ya kwanza alipouona mshale umesimama katikati. Alisimamisha gari mara mbili njiani kuangalia kama linachemka.

Tangu wakati huo, katika kila chama chenye gari, naomba mambo haya yaonekane kwenye vitabu. Vocha ya matengenezo itaje kila kilichofungwa na kila kilichotolewa, na kipuri cha zamani kirudishwe ghalani kikiwa na karatasi yake, hata kama ni kibovu. Daftari la safari liwe na safu ya kilomita kwa lita inayojazwa kila mwezi na kusomwa kikaoni, na kando yake dereva aandike mshale wa joto ulisimama wapi baada ya nusu saa ya mwendo. Neno moja linatosha: chini, kati, juu. Na tarakimu zikibadilika, gari lipimwe kwanza kabla ya dereva kuitwa.

Maswali ya kujadiliwa na Bodi pamoja na dereva wa chama:

1. Je, gari la chama lina thamostati? Nani aliiona mara ya mwisho, na lini?

2. Chukueni vocha tatu za mwisho za matengenezo. Je, mtu asiyekuwapo siku ile anaweza kujua kwa kuzisoma ni kitu gani kilifanyika?

3. Kokotoeni kilomita kwa lita kwa miezi 12 iliyopita. Kama kuna mwezi ambapo tarakimu ilianza kushuka, ni matengenezo gani yaliyofanyika kabla yake?

4. Kijiti cha oili kikichomolewa asubuhi, oili iko chini ya alama, kwenye alama, au imepita?